Java haifagii uani kwa C++

Wadau, leo mnivumilie. Kuna msemo umenichosha hapa kampasi: "Usijali, Java inasafisha yenyewe." Inasafisha, sawa, lakini kwake tu! Ukishaunganisha Java na C++ kwenye programu moja, msemo huo ni uvivu uliovaa tai.

Hebu tuangalie. Objekti ya C++ imebeba picha ya megabaiti 8. Upande wa Java kuna kijiobjekti cha baiti chache tu, kimeshika anwani yake. Mkusanya taka wa Java anakiona hicho kidogo, anasema nafasi bado tele, anaendelea kulala. Huku ng'ambo kumbukumbu inajaa, programu inakufa.

Mtasema ni nadharia. Haya, Android 2.3.3 na zilizotangulia ziliweka pikseli za Bitmap nje ya eneo la Java, na waunda programu wakashauriwa waite recycle() wenyewe. Toleo la 3.0 likazihamishia ndani. Toleo la 8.0, mwaka 2017, likazirudisha nje. Waliotengeneza mfumo wenyewe wamehangaika, sembuse sisi?

Wengine wanajitetea kwa finalize(). Jamani, hakuna ajuaye itaitwa lini, wala kama itaitwa kabisa! Java 9 ya 2017 ilishauri tuiache, Java 18 ya 2022 ikatangaza kwamba itaondolewa.

Halafu kuna wanaofuta pande zote mbili "kwa usalama". Usalama gani? Objekti moja ikifutwa mara mbili, kumbukumbu inavurugika. Fahali wawili hawakai zizi moja. Chagueni mwenye mali mmoja, basi.

Sisi wa Mapera kule Mbinga, tunaolima ngolo, tofauti hii tunaijua. Nyasi ukizifukia zinaoza zenyewe kwa wakati wake, na shamba linafaidi. Lakini jembe la kuazima haliozi. Ukimaliza kulima, unalirudisha kwa mkono wako.

Kwa hiyo objekti ya C++ iwe na close(), na aliyeifungua aifunge, hata kosa likitokea katikati. Tangu Java 7 ya 2011 tunayo AutoCloseable na try inayofunga yenyewe. Cleaner iwe akiba ya aliyesahau, isiwe ndiyo mpango.

Anayebisha alete programu yake, tuiache ifanye kazi usiku kucha, asubuhi tuhesabu kumbukumbu iliyobaki.

Nawasilisha.