Tusimcheke Mtu wa Lutuku



Hapa Kasongo, na kule Kabambare vilevile, mtu wa lutuku akipita sisi vijana tunamcheka. Je, hiyo njo dawa? Hapana!

Mwaka 1954, James Olds na Peter Milner wa Montreal walitangaza kwamba panya alibonyeza chuma tena na tena, ili tu apate umeme kidogo ndani ya ubongo. Pombe nayo inagusa njia hizo za raha. Mtu akinywa sana siku nyingi, ubongo unazoea: raha inapungua, hamu inazidi. Akiacha kwa ghafula anaweza kutetemeka, kushikwa na degedege, hata kufa. Basi matusi hayaponyi, tumpeleke hospitali.

Na sisi tusianze. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na anayeanza mapema hunaswa kwa urahisi zaidi.

Tunaomba somo hili la biolojia litoke darasani, lifike sokoni, kwa Kiswahili chepesi. Wako wamama wanaopika lutuku ili walipe karo ya watoto. Nao wasikie, lakini kwa heshima. Tukiwatukana, nani atatusikiliza?