Cheti cha Ubatizo si Tikiti ya Mbinguni

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa madhehebu yetu dini yake, atakujibu mara moja, "Mimi ni Mkatoliki." Mwulize basi ni lini alikwenda kuungama mara ya mwisho, ataanza kutazama dari. Wasomaji wapenzi, maoni yangu ni kwamba mtu hawi Mkatoliki kwa sababu ya karatasi iliyofungiwa ndani ya sanduku la mamake.

Mkatoliki wa jina tunamjua sote. Maishani mwake huja kanisani safari tatu. Safari ya kwanza huletwa mgongoni akilia, abatizwe na kupewa jina. Safari ya pili huja kwa gari lililofungwa maua, aoe ama aolewe. Safari ya tatu huletwa ndani ya jeneza. Hesabu vizuri: kati ya safari hizo tatu, ni moja tu aliyokuja kwa hiari yake! Jumapili nyingine zote ana shamba, ana mpira, ana usingizi.

Nasi vijana tuna ugonjwa wetu, nao ni Kipaimara. Tunakariri katekisimu miezi na miezi, askofu anatupaka mafuta, tunapiga picha, tunakunywa soda, basi kwaheri ya kuonana. Sakramenti ya kutuimarisha tumeifanya kuwa sherehe ya kuagana na Kanisa.

Najua kuna mwenzangu atakayeruka na kusema, "Aa, hao washika dini ndio wabaya zaidi! Fulani ana rozari ndefu kama kamba ya ng'ombe, na ndiye anayeiba sukari ya wenzake bwenini." Mgala muue na haki mpe. Maneno hayo yana ukweli. Chukua Jumatano ya Majivu. Siku hiyo si ya lazima kwenda Misa kama ilivyo Jumapili, lakini makanisa hufurika. Kisha wengine hawaoshi uso mpaka kesho yake, ati waonekane. Na Injili inayosomwa siku hiyo hiyo, Mathayo sura ya 6, inamwambia anayefunga anawe uso ili watu wasijue! Huyo naye ni Mkatoliki wa jina, ila yeye jina ameliandika kwenye paji la uso.

Hata hivyo, noti bandia hazitufanyi tuzitupe noti halali. Tena hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani.

Je, kipimo ni kipi? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai machache: Misa kila Jumapili, kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka, na kupokea Komunyo angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Hiyo ni alama ya chini kabisa ya kupita. Nani kati yetu huingia katika chumba cha mtihani akiomba apate hiyo tu?

Ndiyo maana maaskofu wa Afrika ya Mashariki na Kati, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walisisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili, wakamtembelea mgonjwa, wakamchangia mwenye shida. Kanisani unaweza kujificha nyuma ya nguzo. Jumuiyani hakuna nguzo.

Lakini jumuiya nayo isigeuzwe kituo cha polisi. Katika parokia nyingi humu nchini, mtu akifa swali la kwanza ni, "Alikuwa wa jumuiya gani?" Nimeona familia ikihangaika huku maiti imelala mochari, kisa na maana marehemu hakuwa akitoa michango. Parokia yenyewe siitaji. Nasema bila kuogopa kwamba jambo hilo si la haki. Kanuni ya 1184 ya sheria hiyo hiyo inawataja watu wachache wa kunyimwa maziko ya Kanisa, kwa mfano waasi wa imani wanaojulikana wazi ambao hawakuonyesha dalili ya kutubu, na ikiwapo shaka, askofu aulizwe. Mdaiwa wa michango hayumo. Maiti haishikwi rehani jamani! Kondoo aliyepotea hutafutwa angali hai. Kama mtu amekaa miaka 10 bila kuonekana na hakuna jirani aliyekwenda kubisha hodi kwake, ni nani aliyekuwa Mkatoliki wa jina hapo?

Kwetu sisi vijana mfano ni Mtakatifu Kizito wa Uganda, mtumishi mdogo katika jumba la Kabaka Mwanga. Alikuwa na umri wa kama miaka 14. Karoli Lwanga alimbatiza mwishoni mwa Mei 1886, hatari ikiwa imekwisha kubisha hodi, na tarehe 3 Juni akachomwa moto Namugongo. Kizito aliishi na ubatizo wake muda wa kama wiki moja tu! Wengi wetu tumekaa na wetu miaka 15 au 16. Sasa nani ameutumia zaidi?

Sisi hatuombwi kuingia motoni. Tunaombwa tusinakili majibu ya jirani katika mtihani. Tunaombwa tumpelekee uji mwenzetu aliye mgonjwa, hata kama si rafiki yetu. Tunaombwa kuungama bila kusukumwa. Jina jema hung'ara gizani, lakini ni mwenye jina anayelipa mwanga.

Hapa shuleni kuna kengele na mwalimu wa zamu wa kutupeleka Misa. Likizo hakuna kengele. Jumapili ya kwanza baada ya kufunga shule, ndipo tutakapojuana.