Samadi ya Kosele: Tope Litangulie Moto

Ni jambo lisilopingika kwamba kinyesi cha ng'ombe ni mali. Katika maboma ya Kosele, kaunti ya Homa Bay, akina mama wamekitumia tangu jadi kusiriba kuta na sakafu, na wakulima wa mahindi na viazi vitamu hukirudisha shambani. Kwa hiyo wanaonadi mitambo ya gesi ya samadi vijijini hawaleti hoja ngeni. Kosa lao ni kuianza hoja hiyo mkiani: husifu moto wa jikoni, wakausahau udongo.

Historia yenyewe inawasuta. Mkulima wa kahawa Tim Hutchinson, anayetajwa kuwa wa kwanza kujenga mtambo wa aina hiyo nchini Kenya, mwaka 1957, aliona jinsi mibuni ilivyonawiri kwa tope lililotoka mtamboni. Alipoanza kuwajengea wakulima wenzake, tope ndilo lililokuwa bidhaa. Gesi ilikuwa nyongeza.

Ndani ya mtambo, bakteria wasiohitaji hewa humeng'enya samadi iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Sehemu ya kaboni hutoka kama methani na kabonidayoksaidi. Nitrojeni hubaki karibu yote katika tope, na sehemu yake kubwa huwa katika hali ambayo mizizi huifyonza upesi. Kilo 25 hivi za samadi mbichi hutoa takribani mita 1 ya ujazo ya gesi, inayotosha kupikia kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Mama aliyezoea kupuliza kuni mbichi hawezi kuibeza faida hiyo. Lakini ng'ombe anayeshinda malishoni huacha kinyesi chake njiani, na maji ya kuchanganyia yatatekwa na nani, kama si mama yule yule? Pasipo zizi la kudumu na tangi la kuvunia mvua, mtambo ni shimo tu. Mingi iliyojengwa Kenya kabla ya mwaka 2000 iliishia hivyo.

Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulipita shilingi 6,000, kabla ya serikali kutoa ruzuku na kuushusha hadi 3,500. Katika mwaka kama huo, kumwambia mkulima habari za moto tu ni kumpunja.

Wanakiswahili nao hawana pa kujificha. Gesi imekwisha kupata jina: bayogesi. Tope halina istilahi iliyokubalika. Fundi hukopa neno la Kiingereza na kulitamka awezavyo, naye msikilizaji hudhani ni uchafu wa kumwagwa. Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani Kosele, hilo linajulikana, ila kijitabu cha kusomwa kutoka Kosele hadi Kilifi kitaandikwa kwa Kiswahili. Na kitapaswa kueleza waziwazi kwamba tope likiachwa juani nitrojeni yake hupaa kama amonia. Kwamba lihifadhiwe kivulini, lifunikwe, na likishapelekwa shambani lifukiwe siku ile ile.