Usitupe TV ya Mgongo! Digital Haijaiua, Imekuongezea Tu Gharama

Wasee, kama kwa keja bado uko na TV ya mgongo, ama ile Great Wall ya mathe huko ushago, usikubali mtu akuambie imekuwa meza ya kuwekea maua. TV iko poa. Kilichobadilika ni vile stesheni zinarusha picha. TV ya kitambo inaelewa analogi pekee, kwa hivyo inahitaji kisanduku cha kuigeuzia signal: king'amuzi, ama dikoda vile tumezoea.

Hii maneno haikuanza jana. Kenya iliwasha digital mwaka wa 2009, na dunia ilikubaliana analogi izimwe kufikia 17 Juni 2015. Katikati hapo kukawa na kesi juu ya kesi, mpaka Mahakama ya Juu ikaamua Septemba 2014. Nairobi ikazimwa Mwaka Mpya ukigonga mlango. Halafu 14 Februari, siku ya wapendanao, Mamlaka ya Mawasiliano ikazima mitambo ya analogi ya NTV, KTN na Citizen. Stesheni zenyewe zikakataa kuonekana kwa ving'amuzi vya wengine, na karibu wiki tatu Wakenya wakakosa taarifa ya saa moja waliyoizoea. Machi 2015 zikarudi kupitia mtambo wao, ADN, na mwisho wa mwezi huo ikawa zamu ya sehemu zilizobaki.

Kwa hivyo kabla hujatoa ganji, skiza.

Kwanza, uliza kama kisanduku ni DVB-T2. Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya DVB-T, halafu nchi ikahamia T2, na zile za zamani hazishiki kitu. Na usidhani flat screen ndiyo dawa: nyingi ziliuzwa bila T2 ndani. Jirani aliyekucheka na inchi 32 yake huenda naye anatafuta dikoda.

Pili, kuna za bure na za kulipia kila mwezi. Ya bure unanunua mara moja na hakuna anayekudai tena. Kama ni ya kulipia, muulize muuzaji: pesa ikiisha, ni stesheni gani zitabaki? Akianza kuzunguka, ondoka.

Tatu, waya. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. TV yako ikiwa na tundu moja tu la sauti, chomeka nyeupe na uendelee na maisha. Kama haina hayo matundu, iko na ya antena pekee, tafuta king'amuzi chenye tundu la kutoa RF. Ama fufua ile deki ya kaseti: king'amuzi kiingie kwa deki, deki iingie kwa tundu la antena, halafu utafute chaneli kwa TV vile ulikuwa unatafuta stesheni. Picha ikikuja bila rangi na TV ni ya rangi, ingia settings uweke PAL. Vichwa vya watu vikikatwa, weka 4:3.

Nne, antena. Digital yetu iko UHF, ile ya vijiti vifupi. Na hapa hakuna mambo ya picha kuwa na vidoadoa: ni safi, ama inagandaganda, ama giza. Igeuze polepole, halafu u-scan upya. Kama unatumia betri ya gari ama sola, chukua kisanduku cha volti 12, la sivyo utahitaji inverter na betri itakufa katikati ya mechi.

Sasa swali lenyewe: nani analipa? Masafa yaliyoachwa na analogi ni mali. Digital inapakia stesheni kadhaa mahali palipokuwa pa moja, na nafasi inayobaki inaweza kupewa intaneti ya simu. Serikali na makampuni watavuna hapo. Marekani ilipozima analogi 2009, serikali ilipea familia kuponi za dola 40 za kununulia kisanduku. Uingereza ilisaidia wazee wa miaka 75 kwenda juu na walemavu. Hapa kwetu kila mtu alijisort. Mwenye nyumba Karen na mama mboga Kayole walitakiwa kutoa elfu kadhaa zilezile, na kwa mama mboga kisanduku kinaweza kuwa ghali kuliko TV aliyonunua mitumba.

Digital si mbaya. Picha ni safi na stesheni zimeongezeka. Lakini TV kwa watu wengi ndiyo gazeti, na haifai kuzimwa kwa sababu mtu alikosa pesa ya kisanduku. Pigia mathe simu umuulize anaona nini kwa TV. Akisema ni giza, usimtumie flat screen. Mtumie king'amuzi cha bure, na utafute fundi wa mtaa amfungie.

Na wewe je, bado mgongo iko kwa keja ama ulishaiuzia wa chuma chakavu?