Kadi ya bima ya mzee wako inamfikisha wapi?

Mama mmoja wa Nyamwaga, Tarime, alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Mama yake mzazi ana miaka 71, ana shinikizo la damu na kisukari, na jicho moja limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Kaka yao mkubwa anataka wamkatie CHF kama miaka yote. Mdogo wao, mwalimu wilayani Serengeti, anaahidi kumwingiza kwenye bima yake ya kazini, lakini huu ni mwaka wa tatu anaahidi. Aliyeko Mwanza anasema wachange wamnunulie "ile kubwa ya NHIF". Yeye mwenyewe, anayelala na mgonjwa na kumpeleka kliniki, amesikia kijijini kwamba wazee wanatibiwa bure. Sasa wachukue ipi?

Swali lake ni la familia nyingi za Tarime na Serengeti wakati huu, kwa sababu mambo yanabadilika. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kiwango kilichotangazwa na Serikali kwa kitita cha huduma muhimu ni Sh150,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Aliyezoea CHF Iliyoboreshwa ya Sh30,000 kwa kaya ya watu sita anaona mara tano. Kabla hujashtuka au kufurahi, tazama kila kadi inamfikisha mzee wako wapi.

Tuanze na ya mwalimu, maana ndiyo iliyo karibu na ndiyo inayopotezwa zaidi. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa makato hayo hayo, kadi zinakwenda kwa mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Wategemezi hao si lazima wawe watoto. Wanaweza kuwa baba, mama, baba mkwe au mama mkwe. Mshahara hauguswi tena hata shilingi moja ukimwongeza mama. Kadi hiyo inamfuata mpaka Bugando, Mwanza, akipewa rufaa.

Basi kwa nini wazee wengi wenye watoto walimu, wauguzi na askari hawana kadi? Kwa sababu nafasi ni nne tu, na hapo ndipo ndoa na ukoo vinagongana. Mwalimu mwenye watoto watatu amebakiwa na nafasi moja. Akimweka mama yake, mkewe atauliza kuhusu mama yake yeye. Akiwa na wazazi wote wawili hai, amchague nani? Nimeona familia ikikwepa swali hili kwa miaka, kila mtu akisubiri mwenzake aseme, hadi mzee anapolazwa.

Ushauri wangu ni kwamba mlizungumze kama mnavyozungumza mahari au shamba, wote mkiwa mmekaa. Andikeni ni nani kati yenu ameajiriwa, ana nafasi ngapi zilizo wazi, na mzazi yupi anaumwa nini. Mmoja amchukue mama, mwingine amchukue baba. Mwenye watoto wazima waliotoka kwenye umri wa kutegemea awaachie wazazi nafasi hizo. Na angalieni umri wa mwenye bima pia. Mwanachama akistaafu, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa, lakini wategemezi wengine hawaendelei naye. Mzee wa miaka 82 aliyewekwa kwenye kadi ya mwanawe wa miaka 59 ana mwaka mmoja tu wa utulivu. Afadhali awekwe kwa binti wa miaka 40.

Walioajiriwa na kampuni binafsi, na kuzunguka Nyamongo wako wengi, wasome mkataba wao kwanza. Bima za kampuni mara nyingi zinahudumia mfanyakazi, mwenza na watoto tu, na zikikubali wazazi huweka kikomo cha umri. Muulize ofisa rasilimali watu, usimuulize mfanyakazi mwenzako.

Sasa CHF. Kwa familia ya mkulima au mfugaji isiyo na mwajiriwa, Sh30,000 imekuwa msaada mkubwa. Inamhudumia mzee kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kule Musoma. Inaishia hapo. Mzee akiandikiwa rufaa ya Bugando kwa ajili ya figo au saratani, kadi ya CHF inabaki Musoma na ninyi mnaanza kuuza ng'ombe. Pia inafuata ngazi. Ukiruka zahanati na kwenda moja kwa moja Musoma bila barua ya rufaa, usitarajie kadi ikulipie.

Kasoro ambayo wasomaji wananiandikia kila wiki si ya kadi bali ya stoo. Mzee anapimwa shinikizo bure, anaandikiwa dawa, kisha dirishani anaambiwa hakuna, kanunue duka la nje. Kwa mtu anayemeza vidonge kila siku ya maisha yake, huo ndio mzigo wenyewe. Kabla ya kulipia kadi yoyote, nenda kwenye zahanati au kituo ambacho mzee atakitumia na uulize jambo moja: dawa zake, kwa majina, zimekuwepo miezi mitatu iliyopita? Kama jibu ni hapana, ulizia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu na umhamishie kliniki huko. Kadi nzuri kwenye stoo tupu haimshushii mtu shinikizo.

Bima mpya ya kaya ya Sh150,000 ni sawa na Sh12,500 kwa mwezi, au mbuzi mmoja au wawili mnadani. Kwa kaya yenye mzee mgonjwa si ghali. Ugumu upo kwenye neno "kaya" na kwenye namba sita. Miji yetu ya Kikurya haikujengwa kwa hesabu ya watu sita. Mzee mwenye wake watatu ana kaya moja au tatu? Bibi anayelea wajukuu watano walioachwa na wazazi waliokwenda mjini anahesabiwa wapi? Na ile nyumba ntobhu, ambapo mama mzee asiye na mtoto wa kiume ameoa binti ili mji usife, sheria hizi hazikuandikwa kwa kuifikiria. Lakini wamo humo watu wanaougua kama wengine. Usisubiri siku ya kuandikisha ndiyo uanze kupanga. Kila mke na watoto wake wahesabiwe mapema, na mzee mwenyewe awekwe kwenye kundi ambalo halijajaa. Mkikosa mahali pa kumweka bibi, msimwache kwa kuwa "amekwisha zeeka". Yeye ndiye atakayeitumia kadi kuliko wote. Mjukuu wa miaka 15 mwenye afya anaweza kuwa mahali pengine.

Na kabla hujatoa fedha ya kuhuisha CHF, muulize mtendaji wa kijiji au mtaa kama kwenu uandikishaji wa bima mpya umekwisha anza, ili usilipe mara mbili.

Tuje kwenye "bure". Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na msamaha wa matibabu umewekwa kwa mzee asiyejiweza. Neno hilo la mwisho ndilo linalosahaulika vijijini. Umri peke yake hautoshi. Mzee anapaswa kutambuliwa kuanzia kijijini, kwa serikali ya kijiji na mtendaji, halmashauri impe kitambulisho, na hospitalini ofisa ustawi wa jamii athibitishe. Mzee mwenye ng'ombe ishirini na watoto watatu wenye mishahara akiomba msamaha, anachukua nafasi ya jirani yake asiye na kuku. Hili nalisema nikijua litawaudhi baadhi yenu.

Lakini kama mzee wako kweli hana kitu, fuatilia kitambulisho hicho leo, akiwa mzima. Kukitafuta akiwa amelala kitandani ni mateso, kwa sababu mtendaji hayupo, muhuri haupo, na bili inapanda. Na hata kwa bima mpya, sheria imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, kwa hiyo jina lake kuwepo kwenye orodha ya kijiji kutamsaidia mara mbili. Kwa wenzetu wa Mugumu, kumbukeni kwamba Hospitali Teule ya Nyerere ni ya Kanisa la Mennonite, inayotoa huduma kwa makubaliano na Serikali. Ulizeni mapokezi msamaha na kadi yenu vinahusu huduma zipi kabla ya kuanza vipimo.

Jambo moja lisihitaji kadi yoyote: matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma. Mzee aliyefanya kazi migodini na anakohoa zaidi ya wiki mbili asisubiri mchango wa watoto.

Imebaki ile kubwa. NHIF ilipotangaza mwaka 2025 vifurushi vya hiari vya Ngorongoro Afya na Serengeti Afya, wapo waliodhani Serengeti Afya ni ya watu wa wilaya ya Serengeti. Sivyo, ni jina tu. Tofauti na bima ya mtumishi, hapa unalipia mtu na bei inapanda kwa umri, kwa hiyo mzee ndiye ghali kuliko wote. Inafaa pale ambapo mzee ana ugonjwa unaojulikana kwamba utamfikisha Bugando, na watoto walio mjini wana kipato cha kila mwezi. Uliza mambo matatu ofisi ya NHIF Musoma kabla ya kulipa: kifurushi kinafika hospitali ya ngazi gani, dawa zake za kudumu zimo, na atasubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa ugonjwa alionao tayari. Hilo la tatu limewaumiza wengi. Walinunua Jumatatu wakitaka upasuaji Ijumaa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu upande wa pili. Ukiwa Sirari, Isebania ni hatua chache, na jamaa zetu wa Kehancha wana SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya tangu Oktoba 1, 2024. Huko mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni Sh300 za Kenya kwa mwezi. Kadi yako ya Tanzania haitumiki kule, wala usimwandikishe mama kwa kitambulisho cha shangazi yake. Lakini tazama walichokutana nacho: waliojiandikisha ni wengi kuliko wanaolipa, hasa kwa wasio na mishahara, na aliyejiandikisha bila kulipa akifika hospitali hulipa mfukoni kama zamani. Panga kulipa bima msimu wenye fedha, ukiuza kahawa au mahindi, au siku ya mnada, na uandike mahali tarehe inapokwisha.

Hakuna kadi hata moja kati ya hizi inayolipa nauli ya kutoka Mugumu kwenda Musoma, chakula cha anayemuuguza, au siku alizoacha shamba. Watoto walio mbali, mkituma mchango wa bima, tumeni na huo.

Yule mama wa Nyamwaga nilimwambia waanze na mwalimu, kwa kuwa ana watoto wawili tu na nafasi mbili ziko wazi. Fedha za aliyeko Mwanza ziwe za dawa na nauli. Juzi alipiga tena. Mwalimu amekubali na amepeleka fomu kwa mwajiri, lakini jina la mama kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwalimu. Wiki hii wanashughulikia hati ya kiapo mahakamani Tarime.