Shemeji Analipa Kodi, Kwa Nini Bado Mgeni?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ina kifungu kifupi, cha 11, ambacho kingepaswa kumkera kila mzazi mwenye binti. Kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba na kupewa uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume aliyemwoa raia wa Tanzania hakutajwa. Hakuwekewa masharti magumu zaidi, wala hakuambiwa asubiri miaka kumi. Hakutajwa kabisa, kana kwamba mabinti wa nchi hii hawaolewi na wageni, au wakiolewa kazi yao ni kufungasha virago na kumfuata mume alikotoka.

Tuchukue kaka na dada wa tumbo moja, wa Moshi. Kaka ameoa Mjerumani, dada ameolewa na Mjerumani. Pande zote mbili kumekuwa na posa, kamati za harusi zimekusanya michango, sendofu imefanyika na picha zimepigwa. Mke wa kaka anaweza kuandika maombi ya uraia wiki hiyohiyo ya harusi, kwa haki aliyopewa na sheria. Mume wa dada atapita njia ya mgeni yeyote aliyeshuka kwenye ndege bila kumjua mtu. Awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7. Aonyeshe tabia njema, aonyeshe atakavyolifaa taifa, ajue Kiswahili au Kiingereza. Baada ya yote hayo Waziri anaweza kumkatalia bila kutoa sababu, na sheria imeandika wazi kwamba uamuzi huo haupelekwi mahakamani. Katika safari yote hiyo, ndoa yake na Mtanzania haina uzito wowote wa kisheria.

Sasa mtazame mwanamume huyohuyo akiingia Mamlaka ya Mapato, TRA.

TRA haiulizi ameoa nani. Inahesabu siku. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukakaa hata sehemu ya mwaka, wewe ni mkazi. Usipokuwa na makazi hayo, siku 183 ndani ya mwaka zinatosha. Hata ukijikata vipande vipande ili usifike 183, wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia utakunasa. Mshahara wake, ambao kama si mkazi ungekatwa asilimia 15, sasa unaingia kwenye ngazi za kodi ya mishahara (PAYE) zinazopanda hadi asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi. Miaka miwili ya mwanzo ya ukazi ana nafuu: mapato yake ya nje hayaguswi. Ikishapita, pango la nyumba yake ya Hamburg na faida ya akiba yake ya huko vyote vinaingia kwenye ritani ya Dar es Salaam. Kwa kodi, mtu huyu ni wetu kabisa, kwa kila anachomiliki duniani.

Sina ugomvi na hilo. Anayeishi hapa, anayetumia barabara zetu na kusomesha watoto hapa, alipe hapa. Na TRA, ambayo wengi wetu hatuna neno jema la kuisemea, katika jambo hili imempita mtunga sheria ya uraia kwa mbali: hukadiria kodi ya mke peke yake na ya mume peke yake, kila mmoja mtu kamili. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shemeji tumempa jembe, analima mwaka wa ishirini sasa, na bado kila muda ukifika anakwenda dirishani kuomba ruhusa ya kulala kwa mkewe.

Akiwa Mmarekani, mzigo ni mkubwa zaidi. Marekani humtoza raia wake kodi ya mapato popote aishipo, na humtaka atoe taarifa za akaunti zake za nje pindi jumla yake inapozidi dola 10,000, hata kwa siku moja katika mwaka. Akaunti ya pamoja na mkewe imo, hata kama fedha zote ni za mke. Wakichagua kujaza ritani ya Marekani kwa pamoja ili wapate viwango vya nafuu, mapato ya mke, pamoja na ya duka lake la Kariakoo, yanaingia kwenye hesabu za Washington. Wasipochagua, mume atajaza kama mwenye ndoa anayejaza ritani peke yake, na nafuu nyingi zitampita. Tanzania haina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili na Marekani, wala na Uingereza. Kinachowasaidia ni vifungu vya ndani vya kila nchi vinavyoruhusu kodi iliyolipwa kwingine ipunguzwe, na kuvitumia kunadai mhasibu anayejua pande zote mbili. Hata sisi kwa sisi hatujafika: mkataba wa kodi wa nchi za Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 2010 na haujaanza kufanya kazi. Kwa hiyo, ndugu wasomaji mnaopanga harusi za namna hii, ketini na mhasibu kabla ya kuketi na kamati ya harusi. Maswali haya yakija baada ya fungate huwa yamekwisha kuwa madeni.

Lakini kodi ina ukatili mdogo kuliko vibali. Tangu sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, asiye raia hafanyi kazi bila kibali cha kazi, na kibali hicho kimefungwa kwa mwajiri na kazi maalumu. Kazi ikiisha, miguu yake yote miwili imekatwa. Mwanamume mwenye mke Mtanzania na watoto Watanzania anapoteza ajira Ijumaa, na Jumatatu hajui kama ana haki ya kubaki katika nyumba anamoishi na watoto wake. Mke wa kigeni ambaye hajachukua uraia naye huhangaika na karatasi hizo, tusimsahau. Tofauti ni kwamba yeye ana mlango wa kutokea.

Na nyumba yenyewe ni ya nani? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inamkataza asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hivyo wanandoa hawa wanajenga Kigamboni au Usa River kwa fedha za wote wawili, hati inatoka kwa jina la mke. Wakiishi vizuri hakuna tatizo. Mke akifariki, mume aliyechangia kila tofali hawezi kuwa mmiliki wa kiwanja alichojenga. Ndugu wa marehemu wanalijua hilo, na wapo wanaolijua mapema kuliko mjane mwenyewe.

Watetezi wa kifungu cha 11 huwa na hoja mbili. Ya kwanza ni mila: kwetu mwanamke huolewa akaenda kwa mume, haiwi kinyume chake. Kwetu wapi? Wamakonde na Wayao wana ukoo wa mama, na kwao ni mwanamume aliyehamia kwa wakwe akajenga huko. Waluguru nao huhesabu ukoo kwa mama. Ukitaka kujua mila hii ya kifungu cha 11 ilitoka wapi, usiende kwa wazee wa Newala, nenda London. Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1948 ilimpa mke wa raia haki ya kusajiliwa na ikamnyima mume wa raia. Tulipopata uhuru tulibeba mpangilio huo, na mwaka 1995, tulipoandika sheria yetu upya, tukaubeba tena. Waingereza wenyewe waliutupa kwa sheria ya 1981 iliyoanza kutumika Januari 1983. Tunalinda kwa jina la utamaduni wa Mwafrika nguo kuukuu ambayo mkoloni aliivua miaka zaidi ya arobaini iliyopita.

Hoja ya pili ni ndoa za magumashi: wageni watawaoa dada zetu ili wapate uraia. Hofu hiyo ina msingi, ndoa za karatasi zipo duniani kote. Lakini kifungu cha 11 ndicho chenye tundu. Hakimtaki mke wa kigeni asubiri hata mwezi mmoja. Kama tatizo ni ulaghai, dawa yake ni muda na uchunguzi kwa wote, wanawake na wanaume. Anayedhani mwanamume wa kigeni ni tapeli kwa kuzaliwa na mwanamke wa kigeni ni mwaminifu kwa kuzaliwa, aseme hivyo bungeni kwa sauti, tumsikie.

Jirani zetu wengi wameshalimaliza jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, inampa mtu yeyote aliyekaa katika ndoa na raia miaka isiyopungua saba haki ya kusajiliwa kuwa raia, na sheria yao ya 2011 inafungua ukaazi wa kudumu kwa mwenzi wa raia baada ya miaka mitatu ya ndoa. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema mtu aliyefunga ndoa na raia, bila kuuliza ni mume au mke. Sheria ya uraia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2004 nayo hivyohivyo. Miongoni mwa tuliobaki nyuma ni sisi na Burundi. Mtanzania wa kike akitaka mumewe aheshimiwe Afrika Mashariki, avuke Namanga.

Zimbabwe ina somo ambalo nataka wanasheria wetu walisome polepole. Mwaka 1994, katika kesi ya Rattigan, wanawake raia wa Zimbabwe walioolewa na wageni walikwenda Mahakama ya Juu kwa sababu waume zao walinyimwa ukaazi. Mahakama haikujadili haki ya mume. Ilitazama haki ya mke: raia ana uhuru wa kuishi popote nchini mwake, na ukimfukuza mumewe umemlazimisha ama kuiacha nchi au kuiacha ndoa. Huo uhuru umebaki jina. Mwaka huohuo, katika kesi ya Salem, mahakama ikaongeza kwamba mume huyo aruhusiwe na kufanya kazi, maana mume asiyeweza kuilisha nyumba yake hakaribishwi kweli. Serikali ya Harare ilijibu vipi? Mwaka 1996 ilibadilisha Katiba ili wake wa kigeni nao wapoteze nafasi waliyokuwa nayo. Usawa ukapatikana kwa kumnyang'anya aliyekuwa nacho.

Uingereza ilikwisha kufanya ujanja uleule. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikuta na hatia ya kubagua kijinsia katika kesi ya Abdulaziz na wenzake, wanawake waliokuwa na ukaazi halali ambao waume zao walikataliwa. Jibu la London likawa kuwawekea wanaume nao vikwazo walivyokuwa wakiwekewa wanawake. Leo raia wa nchi hiyo anayetaka kumleta mwenzi wake, awe mwanamke au mwanamume, anatakiwa kuonyesha mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopanda Aprili 2024 kutoka pauni 18,600. Umaskini umekuwa kizuizi cha ndoa, kwa usawa kamili. Nasema haya mapema ili mtu wa Wizara ya Mambo ya Ndani asije akatuambia kesho kwamba kifungu cha 11 kimefutwa, hivyo ubaguzi umekwisha.

Nyumbani hatukosi silaha. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza sheria ya kibaguzi, na jinsia imetajwa humo. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake tuliuridhia mwaka 1985, na ibara yake ya 9 inahusu uraia. Na tuna historia yetu: mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawa na mwanamume, hata kama mila ilisema vinginevyo. Kama mila ya kale iliweza kupinda mbele ya Katiba, kifungu kilichonakiliwa kutoka London kina kinga gani?

Kinachodaiwa kinajulikana. Kifungu cha 11 kimhusu kila aliyefunga ndoa na raia, mume au mke, baada ya muda mmoja kwa wote. Miaka saba ya Kenya ingekubalika. Haki hiyo isife na mwenzi, kwa sababu leo hata mke wa kigeni akifiwa kabla ya kuomba, haki yake imezikwa pamoja na mumewe. Kwa wasiotaka kuachia pasipoti zao za kwanza, maana nchi yetu haikubali uraia pacha kwa watu wazima, uwepo ukaazi wa kudumu wenye ruhusa ya kufanya kazi. Na mjane wa kigeni, awe wa kiume au wa kike, apewe haki ya kuishi katika nyumba ya ndoa hadi mwisho wa maisha yake, bila kuombea fadhila kwa mashemeji.

Mbunge wako akirudi jimboni, usimwulize kuhusu barabara peke yake. Mwulize kama ana binti, na kama binti huyo ni raia sawa na kaka yake. Akijibu ndiyo, mwambie apeleke muswada.