Rangi Tunalipia, Bushi Hatutaki

Kizazi changu kimezipenda gari za zamani. Land Rover ya babu iliyolala chini ya mwembe miaka nenda rudi inafufuliwa, inapigwa rangi mpya, inashonewa viti vya ngozi na kupelekwa harusini. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyowalipa mafundi wanaozifufua, kisha tunavyowasema. Ushahidi wangu ni kipande cha bronzi kinachofichika ndani ya ngumi: bushi ya krenki.

Kwa asiyeijua, nyuma ya krenkishafti kuna tundu. Ndani ya tundu hukaa bushi, na ndani ya bushi huingia ncha ya shafti ya giaboksi. Ukiachia pedali ya klachi, krenki na shafti huzunguka pamoja, na bushi inapumzika. Ukikanyaga pedali huku gia imo na gari limesimama, krenki inazunguka lakini shafti imetulia. Hapo ndipo bushi inapofanya kazi. Ikilika, shafti inayumba na kuiumiza beringi ya giaboksi. Ikinata, inaivuta shafti hata kama pedali imegusa sakafu, na gia ya rivasi inaingia kwa kusaga meno.

Sasa tazama Land Rover Series II au III ya injini ya lita 2.25. Kuifikia bushi hiyo lazima giaboksi itoke, na kwa kawaida hutolewa kupitia ndani ya gari: viti, sakafu, kasha la viti, vyote vinang'olewa kwanza. Kazi yote hiyo ifanyike, pleti mpya ya klachi ifungwe, halafu mwenye gari aseme, "Bushi iache, fundi, mbona haionekani?" Nimelisikia neno hilo kwa wasomi wenzangu, watu ambao hawakuuliza mara mbili bei ya rangi.

Dharau yetu inaanzia kwenye kudhani kwamba kazi hii haina elimu. Bushi ya zamani hutolewa hivi: fundi anajaza grisi ndani ya tundu, anaingiza chuma cha mviringo kinachokaa sawasawa kwenye bushi, anapiga nyundo. Grisi haina pa kukimbilia, inaisukuma bushi kutoka nyuma mpaka itoke. Wengine hutumia mkate uliolowekwa maji. Tunacheka, tunapiga picha. Lakini hiyo ni kanuni ya Blaise Pascal ya karne ya 17, ileile tuliyoandika kwenye madaftari ya sekondari. Mimi nasoma uzamili wa uhandisi. Nimepita mitihani ya msuguano bila kuulizwa hata mara moja jinsi ya kutoa bushi bila kukwaruza krenki.

Kufunga mpya nako kuna adabu yake. Bushi nyingi za aina hii ni unga wa bronzi uliogandamizwa na kuchomwa, una vinyweleo vinavyobeba oili. Lazima ilowekwe kwenye oili safi ya injini, vizuri ikilala humo usiku kucha. Huisukumi kwa nyundo tupu; unatumia chuma chenye bega, ili iende wima na mdomo wake usipondeke. Ikishakaa, tundu lake hubana kidogo, hivyo ncha ya shafti hujaribiwa kabla giaboksi halijarudi. Ikikataa, usichukue msasa: utaziba vile vinyweleo na kuacha chenga ndani.

Najua jibu lenu: mafundi wenyewe hulipua kazi. Wapo, na anayegonga bushi kavu kwa nyundo simtetei. Ila haraka ile nani kaiagiza? Tumeshusha bei ya ufundi hadi nusu, tunataka gari Jumamosi, na hela ya spea tunatuma giaboksi likiwa tayari chini. Bushi italowekwa saa ngapi? Ingenunuliwa jana yake, kuiloweka kusingegharimu chochote zaidi ya kopo la oili. Tukishaunyima ufundi muda, tunauita ubabaishaji, kisha miezi michache baadaye tunalipa kushusha giaboksi lilelile mara ya pili.

Kijana anayejifunza kazi gerejini anatazama haya yote. Akiona mteja analipia kinachong'aa tu, atajifunza kung'arisha. Ujuzi wa kupima na kuloweka utazeeka pamoja na bwana wake, na hakuna rangi itakayourudisha.

Kwa hiyo ukitajiwa bei ya klachi, uliza kama bushi imo. Kama haimo, iongeze. Inunue mapema, lipa na saa ya kuifunga, kisha mwache fundi afanye kazi yake bila kumsimamia na simu mkononi.